Kolwezi: hesabu ya kemia iliyo ndani ya gunia la madini

Katika depo za kununulia madini zilizo kandokando ya mji wa Kolwezi, mkoani Lualaba, mazungumzo kati ya mchimbaji na mnunuzi hayaanzi kwa bei. Yanaanza kwa namba. Mnunuzi anachukua mawe machache kutoka kwenye gunia, anayaelekezea mashine ya mkononi inayofanana na bastola, ile ambayo wengi wanaiita Metorex, na baada ya sekunde chache namba inatokea: asilimia 3, asilimia 8, asilimia 15. Hiyo ndiyo teneur, yaani kiasi cha shaba au kobalti kilichomo ndani ya jiwe. Bei inafuata hapo, na mchimbaji aliyeshinda shimoni wiki nzima anabaki na majibu mawili tu, kukubali au kubeba gunia lake na kwenda kwa jirani.

Ripoti ya mashirika ya Amnesty International na Afrewatch iliyotoka mwezi Januari 2016 ilieleza kwamba wachimbaji wa mikono waliohojiwa hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala teneur ya madini yao. Walilazimika kupokea bei waliyopewa.

Lakini namba hiyo inayowatisha watu kwenye depo inafundishwa katika shule za sekondari za mji huohuo. Ni sura moja ya somo la kemia katika humanités scientifiques, ile sura ya mahesabu: uzito wa atomi, moli, asilimia, kusawazisha mlinganyo. Wanafunzi wengi wanaikariri kwa ajili ya Examen d'État na kuiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Wanakosa kitu, kwani hakuna sehemu nyingine ya kemia inayogusa mfuko wa familia za Lualaba na Haut-Katanga kama hiyo.

Jiwe la kijani halibadilishi namba zake

Tuanze na malakiti, jiwe la kijani ambalo Katanga imejulikana nalo tangu zamani. Kabla ya makampuni kufika, mafundi wa Katanga waliliyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo, wakatoa shaba ambayo wenyeji wanaiita mukuba, na wakaimwaga katika umbo la misalaba iliyotumika kama pesa. Hawakuwa na jedwali la Mendeleev ukutani, lakini walijua jiwe gani linatoa chuma kingi na jiwe gani linakula makaa bure.

Kwa lugha ya darasani, malakiti inaandikwa Cu2CO3(OH)2. Kila kipande chake kidogo kabisa kina atomi 2 za shaba, 1 ya kaboni, 5 za oksijeni na 2 za hidrojeni. Jedwali la Mendeleev linatoa uzito wa kila atomi: shaba 63,5, kaboni 12, oksijeni 16, hidrojeni 1. Mwanafunzi anajumlisha: shaba mara mbili ni 127, kaboni 12, oksijeni mara tano 80, hidrojeni mara mbili 2. Jumla 221. Kisha anagawa 127 kwa 221 na kupata 0,575. Malakiti safi, isiyo na udongo wala mchanga wala jiwe lingine ndani yake, ina shaba asilimia 57,5. Haiwezi kuzidi hapo, iwe imetoka Kolwezi, Likasi au Kipushi.

Jambo hili linaonekana dogo leo, lakini liliwahi kugombaniwa na wasomi wakubwa. Mwaka 1799 Mfaransa Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alichapisha uchunguzi wake juu ya shaba. Alilinganisha kaboneti ya shaba iliyochimbwa ardhini na nyingine aliyoitengeneza mwenyewe katika maabara, akakuta zote mbili zina vitu vilevile kwa uwiano uleule. Mwenzake Claude Louis Berthollet hakukubali. Yeye aliona kwamba uwiano unaweza kubadilika kulingana na namna kitu kilivyotengenezwa. Mabishano yao yalidumu miaka kadhaa, na Proust ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo sheria ambayo vitabu vyetu vinaiita sheria ya uwiano usiobadilika ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya jiwe la jamii ileile inayojaza magunia ya Kolwezi. Ni ajabu kwamba mwanafunzi wa Katanga anafundishwa sheria hiyo kwa mfano wa maji na chumvi, hali jiwe lenyewe liko nje ya dirisha.

Faida yake inaonekana mara moja. Kama mashine imesoma asilimia 15 kwenye gunia la kilo 100 lenye malakiti, ndani yake mna kilo 15 za shaba. Kilo hizo 15 haziko peke yake; zimefungwa ndani ya malakiti. Chukua 15, zidisha kwa 221, gawa kwa 127: ni karibu kilo 26 za malakiti. Zile kilo 74 zinazobaki ni jiwe bure, yaani udongo, mchanga na dolomiti ambavyo mchimbaji amevichimba, amevibeba na pengine kuvilipia usafiri kwa pikipiki. Kuchambua na kuosha mawe kabla ya kuuza si usafi tu, ni kuondoa mzigo usiolipwa.

Kobalti inahesabiwa vivyo hivyo. Jiwe jeusi linaloitwa heterojeniti, ambalo ndilo madini makuu ya kobalti katika sehemu za juu za migodi ya Katanga, linaandikwa CoO(OH). Kobalti 59, oksijeni mbili 32, hidrojeni 1, jumla 92. Gawa 59 kwa 92, unapata asilimia 64. Mtu akimwambia mchimbaji kwamba jiwe lake jeusi lina kobalti asilimia 70, mashine hiyo au mtu huyo ana shida. Makosa ya namna hiyo ni nadra, kwani makosa yenye faida kwa mnunuzi yanakwenda upande wa chini, sio wa juu.

Moli ni namna ya kuhesabu kwa mizani

Mahali wanafunzi wengi wanapopotea ni kwenye neno moli. Mwalimu anaandika ubaoni namba ndefu, darasa linanakili, na mambo yanaishia hapo.

Mtu anayeuza sokoni angeielewa haraka. Weka kilo moja ya maharage kwenye mizani, kisha kilo moja ya mchele. Uzito ni uleule, lakini idadi ya punje sio ileile. Za mchele ni nyingi zaidi kwa sababu kila moja ni nyepesi. Sasa mtu akisema anataka punje moja ya haragi kwa kila punje moja ya mchele, kilo kwa kilo haitamsaidia. Inabidi ajue kwanza punje moja ya kila aina ina uzito gani. Atomi ni hivyohivyo. Zinashikana kwa idadi, moja kwa moja au mbili kwa moja, lakini sisi tunazipima kwa gramu kwa sababu hakuna jicho linaloweza kuzihesabu.

Moli ni idadi tu, kama dazeni. Dazeni ni 12. Moli ni 602 214 076 ikifuatwa na sufuri 15. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kimataifa bila kubaki na shaka yoyote ya vipimo. Mwanafunzi hahitaji kuikariri yote. Anachohitaji kujua ni kwamba idadi hiyo inafanya uzito wa atomi kwenye jedwali ugeuke gramu: moli moja ya shaba ni gramu 63,5, moli moja ya kaboni ni gramu 12, moli moja ya malakiti ni gramu 221.

Kosa linalojirudia katika madaftari ni kusoma namba za mlinganyo kana kwamba ni gramu. Mafundi wa zamani walipotia malakiti motoni, kwanza iligeuka oksidi nyeusi ya shaba, kisha kaboni ya makaa iliondoa oksijeni. Darasani inaandikwa 2CuO + C → 2Cu + CO2. Mwanafunzi mwenye haraka atasema gramu 2 za oksidi zinahitaji gramu 1 ya kaboni. Sivyo. Mlinganyo unasema moli 2 kwa moli 1. Moli 2 za oksidi ya shaba ni gramu 159, moli 1 ya kaboni ni gramu 12. Kwa hiyo kilo moja ya oksidi inahitaji gramu 75 hivi za kaboni, sio nusu kilo. Mafundi walitumia makaa mengi kuliko hapo, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya kutoa joto, na hilo halimo ndani ya mlinganyo. Namba ya darasani inaonyesha kiwango cha chini kabisa ambacho haiwezekani kwenda chini yake.

Kila hesabu ya aina hii inapita njia moja. Gramu zinageuzwa kuwa moli, moli zinalinganishwa kwa kufuata mlinganyo uliosawazishwa, kisha moli zinarudishwa kuwa gramu. Anayeruka hatua ya katikati anaweza kupata jibu sahihi kwa bahati, lakini halitarudi mara ya pili.

Kupima teneur kwa moto na mizani

Kuna jaribio moja ambalo shule yenye maabara ndogo inaweza kulifanya kwa vifaa vichache, na linafaa kupewa nafasi kubwa kuliko inayopewa sasa.

Malakiti ikipashwa moto inaachia gesi ya kaboni dioksidi na mvuke wa maji, unga wa kijani unageuka mweusi: Cu2CO3(OH)2 → 2CuO + CO2 + H2O. Gramu 221 za malakiti zinapoteza gramu 44 za gesi na gramu 18 za maji, jumla gramu 62. Hiyo ni asilimia 28 ya uzito. Gramu 10 za malakiti safi zitabaki gramu 7,2 hivi.

Sasa geuza swali. Mwanafunzi ana jiwe la gunia, sio malakiti safi. Analisaga, analikausha polepole kwa joto la nyuzi 105 hivi mpaka uzito uache kushuka, ili maji ya mvua yatoke kwanza. Anapima gramu 20. Analitia katika kikombe cha maabara kinachostahimili moto, analipasha mpaka kijani chote kiishe, analiacha lipoe na kulipima tena. Tuseme limebaki gramu 18,6. Limepoteza gramu 1,4. Gawa 1,4 kwa 62, unapata moli 0,0226 za malakiti. Kila moli ya malakiti ina gramu 127 za shaba, kwa hiyo ndani ya lile jiwe mna gramu 2,87 za shaba. Gawa kwa 20: teneur ni asilimia 14,3.

Mtu atauliza kama mizani ya shule inatosha. Swali hilo nalo lina hesabu yake. Kama mizani inakosea gramu 0,1, jibu linahama kwa asilimia 1 hivi, kutoka 14,3 hadi 13,3 au 15,3. Sio usahihi wa maabara ya kampuni, lakini unatosha kumwonyesha mtu kwamba aliyeandikiwa asilimia 7 amepunjwa. Kwenye tani moja ya mawe, kila asilimia moja ni kilo 10 za shaba. Mwaka 2024 wastani wa bei ya shaba katika soko la London ulizidi dola 9 000 kwa tani, maana yake kilo hizo 10 zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 90 huko. Mchimbaji halipwi bei ya London, bila shaka, lakini ndiko bei yake inakoanzia kushuka.

Jaribio lina mipaka yake, na mwalimu mzuri ataitaja kabla hajawasha moto. Udongo nao hupoteza maji ukipashwa sana. Azuriti, jiwe la buluu, lina uwiano mwingine. Heterojeniti inaachia maji na oksijeni kwa kiasi tofauti, hivyo jiwe lililochanganyika shaba na kobalti litadanganya hesabu. Jibu ni la kukadiria, na linafaa zaidi kwa jiwe ambalo rangi yake ya kijani inaonekana wazi. Usalama nao sio wa kuchezewa. Jiwe linalong'aa kama dhahabu mara nyingi lina salfa, na likichomwa linatoa gesi inayokaba koo. Ardhi ya Katanga ina sehemu zenye uranium pia. Shinkolobwe inajulikana duniani kote kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jaribio hili ni la maabara yenye hewa, mbele ya mwalimu, kwa mawe ambayo asili yake inajulikana. Halifai jikoni nyumbani.

Mashine haioni ndani ya gunia

Hata mashine nzuri ikiwa mikononi mwa mtu mwaminifu inaweza kutoa namba ya uongo. Sababu ni kwamba inapiga mionzi juu ya jiwe na kusoma kinachorudi kutoka ngozi yake ya juu tu. Jiwe lililopakwa matope linaonekana maskini. Jiwe lenye ganda jembamba la kijani juu ya mchanga linaonekana tajiri. Wachimbaji nao wanalijua hilo, na wapo wanaopanga mawe mazuri juu ya gunia. Udanganyifu katika biashara hii hauna kabila moja.

Dawa yake ni namna ya kuchukua kipimo. Mawe yanavunjwavunjwa, yanachanganywa, yanamwagwa kama kilima kidogo, kilima kinakatwa sehemu nne, na sehemu mbili zinazotazamana zinatupwa. Zinazobaki zinasagwa zaidi, zinachanganywa na kukatwa tena, mpaka ibaki mkono mmoja wa unga. Unga huo ndio unaowakilisha gunia lote. Kazi inachukua nusu saa na haihitaji kifaa chochote zaidi ya koleo, nyundo na hema la plastiki. Pale ambapo depo inakataa kuifanya, mchimbaji ana haki ya kujiuliza kwa nini.

Kisha kuna maji. Katika majira ya mvua, mawe yanatoka shimoni yakiwa yamelowa, na ni haki mnunuzi kukata uzito wa maji. Shida inakuja pale maji yanapokatwa mara mbili. Chukua tani moja ya mawe yenye maji asilimia 12. Mawe makavu ni kilo 880. Kama teneur ya mawe makavu ni asilimia 10, shaba ni kilo 88. Lakini tuseme mnunuzi amepima teneur kwenye unga uliolowa. Maji yamepunguza namba hiyo pia, imeshuka hadi asilimia 8,8. Kama atazidisha 8,8 kwa kilo zote 1 000, atapata kilo 88, na hesabu ni sawa. Kama atazidisha kwa zile kilo 880 alizokwisha kukata maji, atapata kilo 77,4. Zaidi ya kilo 10 za shaba zimepotea kwenye karatasi, na hakuna aliyegusa mizani. Kanuni ni fupi: teneur ya jiwe kavu inakwenda na uzito mkavu, teneur ya jiwe lililolowa inakwenda na uzito uliolowa. Kuzichanganya ni wizi hata pale mtu asipokusudia.

Asidi inayopita Kasumbalesa

Baada ya depo, hesabu zinakuwa kubwa. Viwandani, malakiti inayeyushwa kwa asidi ya salfuriki: Cu2CO3(OH)2 + 2H2SO4 → 2CuSO4 + CO2 + 3H2O. Moli moja ya malakiti, yenye gramu 127 za shaba, inakula moli 2 za asidi, yaani gramu 196. Kwa tani moja ya shaba ni tani 1,54 za asidi. Anayeona malori ya asidi yakipanga foleni kwenye mpaka wa Kasumbalesa anaweza kudhani jibu ni hilo.

Kemia ina jambo la kushangaza hapa. Umeme unapopitishwa katika maji hayo ya buluu ili kuitoa shaba, asidi inazaliwa tena: kwa kila moli ya shaba, moli moja ya asidi. Ile asidi yote iliyotumika kwenye malakiti, kwa hesabu ya karatasi, inarudi. Basi malori ni ya nini? Kwa sehemu kubwa ni ya lile jiwe bure. Dolomiti, CaMg(CO3)2, nayo inakula asidi, moli 2 kwa kila gramu 184, na haitoi chochote cha kuuza. Tani moja ya dolomiti inameza tani moja na zaidi ya asidi, na asidi hiyo hairudi. Ndiyo maana kiwanda kinapendelea jiwe lenye dolomiti kidogo, na ndiyo maana mawe mawili yenye teneur ileile yanaweza kupewa bei mbili. Mchimbaji anayeambiwa jiwe lake ni chokaachokaa hajatukanwa.

Asidi hiyo ikimwagika barabarani, hesabu ileile inakuwa ya kuokoa watu. Mwezi Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe mkoani Lualaba, ajali ya lori la asidi na basi iliua watu wengi. Chokaa ndiyo inayotumika kuua ukali wa asidi: Ca(OH)2 + H2SO4 → CaSO4 + 2H2O. Gramu 74 za chokaa kwa gramu 98 za asidi. Lori lenye tani 30 za asidi safi linahitaji karibu tani 23 za chokaa, karibu lori zima lingine. Nchini Zambia, baada ya bwawa la mabaki ya mgodi kupasuka mwezi Februari 2025 na maji ya asidi kuingia mtoni, serikali ilimwaga chokaa kwa ndege. Chifu wa kijiji kilicho kando ya barabara ya malori anaweza kuuliza swali rahisi: chokaa kiasi gani kimewekwa akiba karibu na hapa? Akijibiwa mifuko kumi, hesabu ya darasani inatosha kujua kwamba si kitu.

Asilimia moja kwenye karatasi ya serikali

Mwezi Februari 2025 serikali ya Congo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili bei ipande. Mwezi Oktoba 2025 marufuku hayo yalibadilishwa kuwa kiwango maalumu kwa kila kampuni, na kwa mwaka 2026 na 2027 jumla iliyowekwa ni tani 96 600 kwa mwaka. Hizo ni tani za kobalti yenyewe. Lakini kinachopakiwa kwenye malori si kobalti tupu. Kwa sehemu kubwa ni hidroksidi ya kobalti, Co(OH)2, unga ambao ukiwa safi ungekuwa na kobalti asilimia 63. Ule wa biashara una karibu asilimia 30, kwa sababu ya magnesiamu, manganizi na vitu vingine vinavyobaki ndani.

Hili ni zoezi ambalo mwalimu wa humanités anaweza kuliweka ubaoni kesho asubuhi. Tani 96 600 za kobalti, kwa unga wa asilimia 30, ni tani ngapi za unga mkavu? Gawa 96 600 kwa 0,30: ni tani 322 000, au malori zaidi ya 10 700 ya tani 30 kila moja. Kisha swali la pili: kama teneur halisi ni 30 lakini karatasi imeandika 29, kobalti kiasi gani imepita mpakani bila kuhesabiwa? Asilimia 1 ya tani 322 000 ni tani 3 220.

Kobalti imewekwa miongoni mwa madini ya kimkakati tangu mwaka 2018, na kodi yake ya redevance ni asilimia 10 ya thamani. Kwa sheria ya madini ya 2018, katika kila dola 100 za redevance, 50 zinakwenda serikali kuu, 25 mkoani, 15 kwa sekta, uchifu au mji ambamo mgodi upo, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Zile 15 ndizo zinazopaswa kujenga shule na vituo vya afya vya hapohapo. Thamani inahesabiwa kwa uzito na teneur, na kazi ya kuthibitisha teneur ya madini yanayotoka nchini ni ya kituo cha serikali cha CEEC. Wanaofanya kazi hiyo katika maabara, wenye mizani, tanuru na asidi, walianza wote kwa kujumlisha 63,5 mara mbili, 12, 16 mara tano na 1 mara mbili, katika daftari la humanités.